Mwenzako Amepata Kazi Eldoret. Na Wewe Je?

Mwezi huu tuyaache kidogo maneno ya nani hakupiga simu na nani alisahau siku ya kuzaliwa. Kuna jambo linalotikisa nyumba nyingi za vijana wa Nairobi kuliko hata mpango wa kando, na watu hawalizungumzi vya kutosha. Nalo ni kuhama.

Si unajua linavyoanza. Kodi ya nyumba imepanda tena. Msongamano wa magari umewaamsha saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima. Halafu jioni moja mwenzako anaingia na barua mkononi: amepata kazi kaunti. Mshahara mzuri, nyumba za bei nafuu, hewa safi, maziwa freshi. Yeye kimawazo ameshahama zamani. Wewe umeshika kikombe cha chai na unajiuliza kimoyomoyo: haya, na mimi je?

Tangu ugatuzi uanze baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti zetu zimejifunza kujinadi kama wasichana na wavulana wanaotafuta wachumba. Kila moja ina kongamano la wawekezaji na kijitabu chenye picha za kuvutia. Lakini visome hivyo vijitabu uone. Vinaongea na mtu mmoja tu, mwenye pesa au mwenye ujuzi. Yule anayekuja naye, anayeacha kazi, marafiki na chama chake cha akina dada, hatajwi popote. Na ukweli ni kwamba ukihama umeoa au umeolewa, mnahama wawili. Kwa hiyo leo tuchukue kaunti moja tuiangalie kwa macho manne.

Nimechagua Uasin Gishu. Sio kubwa kupita kiasi wala sio ndogo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Ukiwagawa kwa kaunti 47, kila moja inapata watu milioni moja na kidogo. Uasin Gishu ilikuwa na watu 1,163,186. Ni kaunti ya katikati hasa.

Posa yenyewe ikoje?

Tuanze na sifa, maana zipo. Mji wake ni Eldoret, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Ulikuwa wa tano nchini, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba la walowezi ambapo posta ilifunguliwa 1910.

Uko juu, mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo sweta si pambo. Kutoka Nairobi ni kilomita kama 310 kwa barabara, na kwa ndege ni kama saa moja tu. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa 1997.

Pembeni mwa mji kuna mashamba ya ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Na kama nyinyi ni wale wapenzi wa kufanya mazoezi pamoja, mko nyumbani kabisa. Kambi ya Kaptagat ndiko Eliud Kipchoge alikojiandaa kabla ya kukimbia marathoni ya Berlin ya 2022 kwa saa 2:01:09. Hapo barabarani alfajiri usishangae mtu akikupita kama upepo huku anakusalimia bila kuhema.

Kwa wenye watoto, au wanaowatarajia, hospitali si jambo la kubahatisha. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ni ya kitaifa, na 2015 ilifunguliwa hapo hospitali maalumu ya watoto. Mama anayelea mtoto mgonjwa mbali na jamaa zake anajua jambo hilo lina uzito gani.

Kazi ya pili iko wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Eldoret kuna hadithi inayosimuliwa mpaka leo. Ati mnamo 1912 benki ililetewa sefu kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Sefu likaanguka chini, na kwa uzito wake hakuna aliyeweza kulisogeza. Basi wakajenga benki kulizunguka palepale lilipoangukia!

Ni hadithi ya kuchekesha, lakini nyumba nyingi za vijana zinajengwa vivyo hivyo. Kazi ya mmoja inaanguka mahali, na maisha yote ya mwenzake yanajengwa kuizunguka. Mwaka wa kwanza ni raha tu. Mwaka wa tatu yule asiye na kazi anaanza kuomba pesa za saluni au za kinyozi kama mtoto anayeomba nauli. Mapenzi huanza kuchacha hapo, na wala hakuna aliyemkosea mwenzake.

Uzuri wa Uasin Gishu ni kwamba ina zaidi ya mlango mmoja. Mbali na hospitali ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa 1984, kiko Kesses, nje ya mji. Chuo Kikuu cha Eldoret kilipata hadhi kamili 2013. Kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa miaka ya sabini na baadaye kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, kilifunguliwa upya 2019 kikiwa na mitambo mipya. Kuna viwanda vya maziwa, biashara ya mbegu na pembejeo, na majengo ya kukodisha ambayo mengi yamejengwa na wanariadha. Kwa hiyo kama mmoja ni nesi na mwingine ni mwalimu, mhasibu, fundi wa mitambo au mtaalamu wa kilimo, nyote wawili mna pa kubisha hodi.

Lakini tusidanganyane. Kama kazi yako ni matangazo, televisheni au makao makuu ya mashirika makubwa, milango hiyo mingi bado iko Nairobi. Basi usihame kwa matumaini ya "tutaona tukifika". Muulize bosi wako kama unaweza kufanya kazi kwa intaneti na kufika ofisini mara chache kwa mwezi. Akikubali, omba akuandikie. Akikataa, angalau mnajua mnapoteza mshahara upi, na mnaweza kuuhesabu pamoja kabla ya kusherehekea ule mpya.

Swali ambalo vijitabu hulikwepa

Wewe ni wa wapi? Katika Kenya yetu, swali hili likiulizwa na jirani mpya huwa na mengi nyuma yake. Uasin Gishu ina kidonda kinachojulikana. Tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto huku watu wamejificha ndani. Wengi wao walikuwa akina mama na watoto. Burnt Forest nako kulikuwa kumeona mapigano tangu mapema miaka ya tisini. Wanandoa wa makabila tofauti waliyaishi hayo ndani ya vyumba vyao vya kulala, maana kuna waliolazimika kuchagua wakimbilie kwa akina nani.

Siandiki haya kuwatisha. Watu wa kila kabila wanaishi Eldoret, wanafanya biashara na wanaoana. Lakini kama mmoja wenu ataonekana mgeni kule, mzungumze sasa, mkiwa mmetulia kitini, na sio usiku wa kutangazwa kwa matokeo. Tutaishi mtaa gani? Majirani ni akina nani? Watu wa upande wa mume na wa upande wa mke wanasemaje?

Na jueni haki yenu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kaunti ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa zaidi hapo. Kwa hiyo usiseme "siwezi kuomba, mimi si wa huku". Omba! Hospitali ya rufaa na vyuo vikuu vya umma navyo ni vya taifa zima.

Ploti ni yenu au ni yake?

Mkishazoea, mtaingiwa na homa inayowapata wote wanaohamia kule: homa ya ploti. Kila mtu atawaambia kuna 50 kwa 100 mahali fulani, bei itapanda mwakani, nunueni sasa hivi. Sawa. Lakini kabla ya kununua, kaeni chini muulizane jambo moja: hati itaandikwa jina la nani?

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kwamba mchango si pesa tu. Kulea watoto, kazi za nyumbani, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba, yote ni mchango. Hata hivyo, Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kuoana peke yake hakumpi mtu nusu ya mali moja kwa moja. Mchango unapaswa kuthibitishwa. Kwa hiyo wewe uliyeacha mshahara wako ukamfuata mwenzako, upendo wako hauna risiti. Mali ikiandikwa majina yenu wawili, sheria inaanza kwa kuichukulia kuwa ni yenu sawa kwa sawa. Kuomba hivyo sio kumshuku mwenzako. Mwenzako anayekupenda ataliona jambo hilo kuwa la kawaida kama kuandika majina mawili kwenye kadi ya harusi.

Na kama ni shamba la kilimo, msiridhike na neno la dalali. Hakikisheni rekodi katika ofisi ya ardhi, na mjue kwamba uuzaji wa ardhi ya kilimo unahitaji idhini ya bodi inayosimamia ardhi hiyo. Bila idhini, mauzo yenyewe hayana nguvu kisheria.

Ndoa ya Ijumaa jioni

Wengine mtasema: basi mmoja aende, mwingine abaki Nairobi, tutakutana wikendi. Inawezekana, na kuna nyumba zimesimama hivyo. Lakini kilomita 310 kila Ijumaa jioni si mchezo. Ukifika umechoka, unalala. Jumamosi ni nguo na soko. Jumapili mchana umeshaanza kuangalia saa. Wiki ya nne mmoja anasema, "Wikendi hii nipumzike kidogo." Msipoangalia, mnakuwa watu wawili wanaotumiana pesa kwa simu na kuulizana kama mtoto amekula.

Mkiamua kuishi hivyo, wekeni mwisho wake. Semeni "mwaka mmoja", mwandike tarehe, na siku hiyo ikifika mkae tena mezani. Pia wikendi zipishane: leo wewe unapanda gari, kesho kutwa yeye. Barabara isiwe na mteja mmoja.

Kabla hamjafunga virago, ulizaneni haya:

1. Yule asiye na barua ya kazi atafanya nini miezi sita ya kwanza, na atakuwa na pesa gani mkononi zilizo zake?
2. Tumeenda kuona kule mwezi wa Julai, wakati wa mvua na baridi, au tumeenda Desemba tu? Desemba kila kaunti ni tamu.
3. Tutapanga kwanza? Mwaka mmoja wa kupanga, Kapsoya au Elgon View kulingana na mfuko, utawafundisha mengi kuliko dalali yeyote.
4. Nani atakuwa rafiki wa yule mgeni? Kanisa au msikiti, chama, timu ya kukimbia, kozi ya jioni: chagueni kimoja kabla ya kufika.
5. Isipotufaa, tutarudi bila mmoja kumwambia mwenzake "nilikuambia"?

Mimi naipenda posa ya Uasin Gishu. Kwa wawili wanaoanza maisha, si wengi watakaopata mahali penye vyuo, hospitali kubwa, viwanda, mashamba na nafasi ya kupumua, vyote ndani ya kaunti moja. Sisemi msiende. Nasema jibu la "ndiyo" litoke katika vinywa viwili. Ile barua iliyoandikwa jina moja isomeni pamoja, na chini yake muandike kwa mkono wenu kitu ambacho yule mwingine atakipata. Mkikosa cha kuandika, bado hamjawa tayari.

Kama mmepata, basi nunueni masweta. Na mkikaribishwa mursik, ule mtindi wa kwenye kibuyu ambao mabingwa hupewa wakirudi na medali, kila mmoja apige funda lake.

Tukutane mwezi ujao.