Muziki wa kuazima na haki ya mwenye mali

Ndugu Waislamu, wazazi wengi wa hapa Mkolani hutuuliza wafanye nini na vijana wao wanaoshinda na muziki wa kufokafoka, yaani hip hop, na mwenziwe bongo fleva. Hukumu ya muziki wenyewe wanazuoni wameijadili kwa urefu, nayo si maudhui yetu leo. Tunalotaka kulitazama ni lile lalamiko kwamba kosa la vijana hawa ni kuiga: wameacha ya kwao, wameshika ya Wamarekani. Sisi tunaona hoja hiyo imeanzia pasipo pake. Kuazima si kosa. Linalopasa kuulizwa ni hili: kimeazimwa nini, kwa nani, na kimetendewa nini?

Muziki huo ulizaliwa mwaka 1973 huko Bronx, jijini New York, miongoni mwa vijana weusi wasio na kitu, na DJ Kool Herc, anayetajwa kuwa mwasisi wake, ni mzaliwa wa Jamaika. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua wimbo "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, akautia maneno ya Kiswahili, na vijana wa Tanzania wakatambua kwamba lugha yao nayo yaweza kufoka. Lakini Vanilla Ice, Mmarekani mweupe, naye alikuwa ameazima mara mbili: sanaa ya watu weusi, na mdundo wa wimbo wa mwaka 1981 wa kundi la Queen na David Bowie. Hakuwataja. Yalipozuka malalamiko ndipo wenyewe wakatambuliwa na kulipwa. Na mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Ni nani basi atakayedai kuwa hajaazima?

Historia yetu yatufundisha vivyo hivyo. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliupokea ushauri wa Salman al-Farisi (R.A.) wa kuchimba handaki, mbinu ya Wafursi. Mbinu ilipokewa, na aliyeileta hakusahauliwa. Hata leo hatuisimulii habari ile bila ya jina la Salman. Nao wazee wetu wa pwani waliazima herufi za Kiarabu wakaandikia tenzi za Kiswahili.

Kwa hiyo tunapima kwa mambo mawili. La kwanza, mwenye mali atajwe na apewe haki yake. Kundi la X Plastaz la Arusha lilipotaka sauti ya Kimaasai, halikuvaa lubega na kumwigiza Mmaasai. Lilimshirikisha mwimbaji wa Kimaasai mwenyewe. Je, mtayarishaji wa muziki akija Usukumani kurekodi ngoma za bugobogobo, akaziuza mjini, wachezaji wa kijijini watapata nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda sanaa za jadi, lakini sheria haimsaidii asiyejua kwamba ana mali.

La pili, heshima ya mwenyewe isivunjwe. Jirani zetu wa Nyegezi wanalijua hili. Mwaka 2018 Rayvanny na Diamond Platnumz walitoa wimbo uitwao "Mwanza", na jina la Nyegezi likageuzwa mchezo wa neno la aibu. Mwezi Novemba BASATA iliupiga marufuku. Mwezi Desemba waliuimba jukwaani hapa hapa Mwanza, wakafungiwa. Wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa. Wasanii wale hawakumwiga Mmarekani. Walichukua jina la watu wa nchi yao wenyewe, lenye shule, misikiti na mabinti wanaoulizwa wanakotoka, wakalifanyia mzaha. Basi ubaya haukuja na meli kutoka ng'ambo.

Suratul Hujurat imeyakusanya yote mawili. Aya ya 13 yatuambia kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na aya ya 11 yatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Kuazima kwa haki ni sehemu ya kujuana. Kuazima kwa dharau ni lile lililokatazwa.

Ndugu mzazi, usimwambie mwanao kwamba muziki ule ni wa watu wasio na thamani, maana utakuwa umewadharau watoto wa watumwa waliotoka katika bara hili. Muulize: wajua alichokuwa akikililia kijana wa Bronx? Kwa nini wewe na wenzako mnaitana kwa tusi ambalo bwana alimwitia mtumwa, nanyi mkaliona pambo? Na ngoma ya babu yako, waijua jina? Asiyejua thamani ya chake hawezi kuheshimu cha mwenziwe.

Allah atujaalie tuwe wenye kupokea kwa adabu na kurejesha kwa uaminifu. Amin.