Tumbo la Jumatatu



Mwaka jana mwanangu wa darasa la tatu aliumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Kwa kuwa ni muuguzi, nilimpima malaria, hana. Nikampa dawa ya minyoo, wapi! Kumbe kipindi cha kwanza Jumatatu ni hisabati, na mtoto hajui tebo hata ya mbili. Niliona aibu. Wa wenzangu nawasikiliza kliniki, wa kwangu sikumsikiliza.

Baba yake akachimba bao chini ya mwembe: safu nne, kila safu mashimo manane. Katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete mbili, kwa hiyo mtoto hupanga kete 64 kabla hajaanza kucheza. Komwe hatukuwa nazo, tukaokota kokoto. Mwanzoni alihesabu kwa kidole, moja moja. Baada ya miezi miwili alitazama tu shimo akajua kete ya mwisho itaangukia wapi. Sasa hunifunga nikitoka zamu ya usiku, wala simwachii!

Dada yake hupenda mdako: unarusha kokoto moja juu, unachota nyingine shimoni kabla haijashuka. Mvua ikinyesha tunategeana vitendawili, au nawawekea katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa hapa hapa Tanzania tangu 2014. Nusu saa tu, maana katuni haimngoji mtoto afikiri, kokoto humngoja.

Hisabati bado anapata alama za wastani. Lakini Jumatatu iliyopita alivaa viatu kabla sijachemsha chai.