Fizikia iliyo uani

Ni kosa kudhani kwamba fizikia hukaa maabarani tu. Mwanafunzi wa Munje, kule Msambweni, hukariri maana ya mkazo kwa Kiingereza ili ashinde mtihani, ilhali uani gari la jirani lalia kwa kuwa mkanda wa altaneta, ambao mafundi huuita fanibelti, umelegea.

Dawa yake haihitaji gereji. Injini izimwe na ipoe. Mkanda ubonyezwe kwa kidole gumba katikati ya upande wake mrefu. Katika magari mengi ya zamani hubonyea kiasi cha sentimita 1. Ukizidi, nati za altaneta hulegezwa, ikasogezwa mbali na injini kwa kipande cha mti, zikakazwa, kisha mkanda ukapimwa tena. Uliolegea huteleza na betri haijai. Uliokazwa mno hula beringi. Baharia aijua kanuni hiyo katika kamba za tanga.

Istilahi tunazo: TUKI ilichapisha kamusi ya sayansi mwaka wa 1990. Tunalokosa ni mwalimu atakayemshikisha mwanafunzi mkanda kwanza, ndipo aandike neno ubaoni.