Sinonimu za "Destroy" na Mzigo wa Kitenzi "Haribu"

Kuna dai linalosikika mara kwa mara katika semina za leksikografia, nalo ni kwamba Kiingereza kina vitenzi vingi vya kueleza uharibifu ilhali Kiswahili kina kimoja tu, yaani "haribu". Mdai huonyesha kwamba "destroy", "ruin", "spoil", "damage" na "wreck" vyote vyaweza kufasiriwa kwa kitenzi hicho, kisha akatoa hukumu. Makala haya mafupi yanadai kwamba hukumu hiyo inamwangukia asiyehusika: uzembe wa mtunga kamusi umefanywa umaskini wa lugha.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Vitenzi ambavyo Roget alivipanga kwa dhana katika Thesaurus yake ya mwaka 1852 havikuzaliwa nyumba moja. "Break" na "mar" ni vya Kiingereza cha kale. "Destroy", "ruin" na "spoil" vilipitia Kifaransa, katika athari zilizofuata ushindi wa Wanormani mwaka 1066. "Demolish" na "devastate" viliingia baadaye zaidi, wasomi walipokuwa wakichota Kilatini kwa wingi. Asili ya "spoil" ni kumvua adui aliyeuawa silaha zake. Ya "ruin" ni kuanguka. Ya "raze" ni kukwangua, nacho ni cha ukoo mmoja na jina la wembe. Wingi huo, kwa hiyo, ni mashapo ya kutawaliwa na ya usomi. Isitoshe, vitenzi hivi havibadilishani nafasi. Maziwa huwa "spoiled", meli huwa "wrecked", na anayesema maziwa yamekuwa "demolished" anafanya mzaha. Sinonimu kamili ni adimu katika lugha yoyote.

La kuvutia zaidi ni "destroy" chenyewe. Kilatini "destruere" ni kutendua tendo la "struere", yaani kupanga au kujenga. Mwingereza wa leo hauoni tena muundo huo ndani ya neno lake. Mswahili anao, tena ungali hai: fuma na fumua, panga na pangua, ezeka na ezua, umba na umbua. Hiki cha mwisho kinastahili kutazamwa kwa makini. Siku hizi "kuumbua" hueleweka zaidi kuwa ni kuaibisha hadharani, lakini mofolojia yake inatuambia jambo zito: kuondoa umbo la kilichoumbwa. Atakayetafuta vitenzi hivi chini ya kidahizo "destroy" asishangae kuvikosa. Kamusi iliyoanzia kwenye Kiingereza huuliza maswali ya Kiingereza. Na bado hatujagusa bomoa, vunja, angamiza, teketeza, fuja, fisidi, vuruga na boronga, ambavyo kila kimoja huchagua yambwa yake.

Suala hili si la darasani tu. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Kanuni za Adhabu, za Tanzania na za Kenya pia, zinamtia hatiani mtu ambaye kwa makusudi na kinyume cha sheria "destroys or damages" mali. Hapa pana vitenzi viwili, na mfasiri akiandika "haribu" kwa vyote viwili amefuta tofauti. Baiskeli iliyoharibika hupelekwa kwa fundi. Iliyokuwa "destroyed" haina fundi. Anayekadiria fidia anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili. ("Kuvunja nyumba" nako kuna utata wake: ni kazi ya tingatinga au ya mwizi?)

Mifano ya uteuzi makini ipo. Katika kampeni ya mwaka 1983, Tanzania ilitumia "kuhujumu uchumi", si "kuharibu uchumi". Hujumu, kitenzi chenye asili ya Kiarabu kinachobeba maana ya kushambulia, kina mtendaji na nia ndani yake. Uchumi waweza kuharibika wenyewe, hauwezi kujihujumu.

Kwa "destroy" ya kisheria, "haribu kabisa" ni jibu jepesi, nami silipendi: neno "kabisa" litawapa mawakili kazi ya mwaka mzima. "Angamiza" hukaa vizuri kwa watu, viumbe na mataifa, lakini hukaa vibaya kwa baiskeli. Ningependekeza "kuteketeza au kuharibu". Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba teketeza hudai moto. Pingamizi hilo lina haki kwa maana ya asili, lakini hupungua uzito kila mara tunapotangaziwa kwamba bidhaa bandia zimeteketezwa, na kumbe zimesagwa na tingatinga.