Vichache vya Kuchagua, Si vya Kuporwa

Huku Fizi, mashariki mwa Kongo, ukitaja tu kwamba mtu anaweza kuishi vizuri na vitu vichache, jibu la kwanza huwa zito: "Hayo ni ya Wazungu walioshiba. Sisi vita ilishatufundisha kuishi bila kitu."

Nusu yake ni kweli. Mwaka 1996 watu walikimbia vita, wakavuka Ziwa Tanganyika na kile walichoweza kubeba. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, upande wa Kasulu, Tanzania, na meli za kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi mji wetu wa Baraka zilianza safari 2005. Lakini kuporwa si kutosheka. Aliyebaki na sufuria moja kwa sababu ya bunduki hakuchagua, na asitokee mtu wa kumsifu kwa uvumilivu huku akimnyima ya pili. Kitabu cha Marie Kondo, kilichotoka Japani mwishoni mwa 2010, kinamwambia msomaji apunguze vitu kabatini. Mama wa Baraka anayelala kwenye mkeka atapunguza kabati lipi? Swali lake ni lingine: hela ikipatikana, ianzie wapi? Ianzie kwenye jembe, chandarua, dumu la maji lenye kifuniko, maana kipindupindu tunakijua. Redio ya spika mbili ingoje.

Wengine husema: "Nunua leo, kesho watakuja kubeba." Basi ndiyo sababu ya kutonunua! Anayevamia nyumba huanza na televisheni na godoro. Ada ya mtoto iliyokwisha kulipwa haibebeki. Hata ziwa lenyewe huvamia. Mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia majumbani Uvira na Bujumbura, na waliohama haraka ni wale ambao mizigo yao haikuhitaji lori.

Wavuvi nao wana lao: "Ziwa halikauki, kula cha leo." Halikauki, sawa, ila mwezi hujaa. Ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haivuti samaki, na mitumbwi hukaa ufukoni siku kadhaa. Kila mwezi ni hivyo, hakuna asiyejua. Hata hivyo utamwona kijana akimalizia pato la siku za giza kwenye simu mpya, ilhali ya zamani bado inapiga, kisha wiki inayofuata anakopa unga wa muhogo kwa shemeji yake. Aliyenunua nyuzi za kushonea nyavu hutumia siku hizo kushona.

Kikwembe kipya cha Machi 8? Akina mama wataniandama, lakini sikukuu ni ya mwanamke, si ya kitambaa, na cha mwaka jana hakijachanika.

Wapo pia wanaouita mtindo huu uchoyo: mgeni atakaa wapi? Kwenye kiti cha jirani, kama siku zote. Hakuna matanga huku ambayo viti na masufuria yote yalitoka nyumba moja.

Mwisho kuna hofu ya soko: tukinunua vya lazima tu, wauzaji wa Baraka watakula nini? Hela isiyonunua redio haizikwi. Inanunua chumvi, sabuni, daftari, na hivyo navyo vina wauzaji. Tena muulize mwenye duka lolote la mjini: anayechukua kwa deni ili ajionyeshe ndiye mteja wa kwanza kubadilisha njia ya kupita.