Hesabuni kabla ya kufunga turubai

Dereva anayesaini hati ya mzigo bila kuuhesabu anajitafutia kesi. Kila aliye kwenye biashara ya uchukuzi analijua hilo, na bado kila siku, kwenye maghala ya Dar es Salaam, karatasi zinasainiwa juu ya usukani huku makuli wakiendelea kupakia.

Matokeo yake tunayajua. Mzigo unafika Tunduma au Lubumbashi, mifuko imepungua au imechanika. Mpokeaji anampigia simu mwenye mali, mwenye mali anampigia tajiri wa gari, tajiri anamgeukia dereva. Dereva anaapa hakugusa kitu. Karani wa ghala anatoa karatasi: mzigo umepokelewa kamili, katika hali nzuri, saini hii hapa. Dereva anakatwa mshahara, mteja anatafuta gari la mtu mwingine.

Kampuni za usafirishaji hupenda kusema zinamjali mteja. Lakini mteja hakutani na mkurugenzi. Anakutana na dereva, pale ghalani, na hapo ndipo anapoamua kama mali yake iko kwenye mikono salama. Salamu nzuri inasaidia. Simu ya kusema "nimekwama kwenye foleni, nitafika saa nane" inasaidia zaidi. Ila heshima kubwa kuliko zote ni mwenye mali kuona mali yake inahesabiwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Dereva asimame nyuma ya treila, karani kando yake, wahesabu pamoja, safu kwa safu. Mfuko uliochanika ubadilishwe, la sivyo uandikwe kwenye nakala zote kabla ya saini. Katoni iliyolowa ipigwe picha. Kama ni kontena lililokwisha kufungwa, dereva asome mwenyewe namba ya lakiri na kuilinganisha na karatasi, na hati iseme wazi kwamba hakushuhudia upakiaji.

Akiwa pale nyuma atazuia na balaa jingine. Makuli hupakia panapowarahisishia, uzito ukaelemea upande mmoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli nayo ina kikomo chake. Gari lililo chini ya tani 56 linaweza kukwama mizani ya Vigwaza kwa sababu ya ekseli moja tu. Kupanga upya mifuko kando ya barabara, juani, ni adhabu. Kumwambia kuli "hiyo sogeza mbele" ni neno moja.

Visingizio tumevisikia. Dereva anasema amekesha getini, amechoka. Ni kweli, na ghala linalomwita saa mbili asubuhi likampakia saa mbili usiku lina lawama yake: lipange saa, lizifuate, limpe maji na choo. Ghala linasema dereva haruhusiwi kwenye eneo la kupakia kwa sababu za usalama. Mpeni helmeti na reflekta, mwonyesheni pa kusimama. Tajiri anasema muda ni pesa. Basi apige hesabu ya mifuko ya saruji aliyolipia mwaka jana, aone kipi ni ghali.

Kisingizio kibaya kuliko vyote ni kwamba kuhesabu kutamuudhi mteja, ataona haaminiwi. Hakuna anayetoka dukani na chenji bila kuihesabu mbele ya mwenye duka, na mwenye duka haoni ametukanwa. Tani 30 za saruji za mtu zinastahili angalau adabu hiyo. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Matajiri wa magari watoe agizo moja: gari lisiondoke ghalani kabla dereva na karani hawajahesabu na kusaini pamoja. Dereva atakayekataa kusaini asichokihesabu asifokewe, alindwe. Na tajiri atakayepiga simu kumharakisha asaini tu aondoke, upungufu ukitokea, alipe yeye.