Pumzi Isiyo na Kiasi
Ingawa aghalabu hudhaniwa kwamba kuvuta pumzi hakuwezi kumdhuru mwanadamu, mwaka 2004 jarida la tiba la Chest, huko Marekani, lilieleza habari za mwanamke wa miaka 29 ambaye, baada ya kuitia nguvu mno kapalabhati, pumzi ya haraka ya yoga, hewa ilivuja kutoka pafuni mwake ikajaa kifuani. Na hata pasipo msiba huo, apumuaye kwa kasi huipunguza kabonidioksidi ya damu, mishipa ya ubongo ikasinyaa, midomo ikafa ganzi, vidole vikakakamaa, naye huenda akazirai, akajigonga sakafuni. Kwa hiyo ni wajibu wa kila mwalimu wa mazoezi haya ya pumzi kumwuliza mwanafunzi hali ya kifua chake kwanza, wala asimruhusu kabisa kuyafanya kabla ya kupiga mbizi, asije akazirai majini.